Inchi Hamsini na Tano za Ukungu

Kwanza niseme hivi, ili msije mkanionea huruma mapema: macho yangu ni mazima. Nina miaka sitini na saba, nachambua mchele bila miwani, na Zaburi naisoma kwenye ile Biblia ndogo ya mfukoni inayowashinda vijana. Aliyesema kwamba mimi, Raheli, sioni alikosea. Aliyesema kwamba Raheli haoni kwa sababu amemtazama mkwe wake, huyo alinitukana. Na aliyenitukana ni mdogo wangu wa tumbo moja, Yeremia, mzee wa kanisa, na chanzo cha yote ni televisheni.

Naishi Kilosa mjini kwa binti yangu Naomi, tangu goti langu lilipogoma kupanda mlima. Sisi ni watu wa milimani. Katika ukoo wetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani. Hawali pamoja, hawatajani majina, hawasemezani, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja wao huingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima. Mkwe akitaka mambo hayo yaishe, analeta mbuzi wa kuondoa aibu, wazee wanakaa, mjomba wa binti anampokea yule mbuzi, na kuanzia siku hiyo mnatazamana kama watu wengine.

Mjomba wa Naomi ni Yeremia. Na mbuzi wa Goodluck, mume wa Naomi, kwa Yeremia hakupata kuwa na wakati wake. Mwaka mmoja kulikuwa na msiba, mwaka mwingine mvua zilikataa, mwaka wa tatu mzee fulani alikuwa bado hajapona mguu. Mwanamume akishakuwa na kitu cha kuwanyima wenzake, hana haraka ya kukitoa. Ndoa ikafikisha miaka kumi na tisa, wajukuu wangu wakaenda shule ya bweni, na mkwe wangu bado nilikuwa namjua kwa kikohozi.

Goodluck ni fundi umeme kwenye loji moja huko Mikumi. Jumatatu alfajiri anaondoka na pikipiki yake, Ijumaa jioni anarudi kupitia kijiji cha Ulaya, amejaa vumbi. Siku za katikati sebule ni yangu mimi na Naomi. Ijumaa, nikisikia pikipiki inazimwa nje, nachukua kikombe changu cha chai na kanga yangu, nahamia koridoni. Pale korido inapoingia sebuleni hapana mlango, pana pazia tu, na nyuma ya pazia kuna kiti changu. Pazia linaachwa wazi shubiri moja. Kupitia upenyo ule naiona televisheni iliyo ukutani, kwa ubavu kabisa, na aliyekaa kwenye makochi simwoni. Nilipohamia, Goodluck ndiye aliyeipigilia televisheni mahali pale, na Naomi ndiye aliyekaa kwenye kiti akimwelekeza: sogeza, sogeza tena, hapo hapo, mama ataona na wewe hutaonekana.

Televisheni yenyewe ilikuwa plazma. Ilitoka kwenye ukumbi wa mikutano wa ile loji, walipobadilisha vyombo vyao, na ilikuwa nzito hivi kwamba waliishusha wanaume wawili wakitoa pumzi kwa zamu. Ikiwaka, ukuta unapata joto mpaka mijusi wanahamia nyuma yake. Chini ya kioo kulikuwa na neno "Karibuni" lililoganda, kwa sababu kule lojini iliachwa inaonyesha salamu hiyo hiyo mwaka mzima. Kwa hiyo kila msoma habari wetu alikuwa na Karibuni kifuani, na kila kipa alidaka mpira akiwa amesimama juu ya Karibuni. Lakini picha yake haikubagua. Ukae mbele, ukae ubavuni, kijani kilikuwa kijani na nyekundu ilikuwa nyekundu.

Sasa sikilizeni jinsi mimi na Goodluck tulivyoishi. Mila inakataza kusemezana na mkwe. Haikatazi kuisemesha televisheni.

Mimi ni Yanga. Yeye, Mungu amsamehe, ni Simba. Jumapili moja, mwaka ule wa kwanza, nilishangilia koridoni kabla ya wakati, nikasikia sauti yake sebuleni: "Wewe televisheni, mwambie mwenye haraka ya kushangilia kwamba mshika kibendera ameinua."

Nikatafakari kama kuna mila iliyovunjwa. Sikuiona.

"Televisheni," nikasema, "mwambie anayekununulia umeme kwamba mshika kibendera naye ni Simba."

Naomi alicheka mpaka akamwaga chai. Tangu hapo ikawa desturi ya nyumba. Miaka tisa tumebishana kupitia kile kioo kuhusu kona, kuotea, marefa, bei ya mpunga na hata mahubiri ya mchungaji. Goodluck alipofiwa na baba yake kule Magole, alirudi Jumapili jioni, akakaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Kisha akasema, "Televisheni, leo sina la kusema." Nikaiambia televisheni habari za msiba wa marehemu mume wangu, jinsi nilivyoendelea kupakua chakula cha watu wawili kwa miezi, na nikaongea mpaka nikasikia mtu anapenga kamasi sebuleni. Huyo ndiye mkwe wangu. Sijazaa mtoto wa kiume, na sikuwahi kulalamika.

Plazma ikazeeka. Ukiiwasha inatoa mlio wa kubofya mara tano, sita, inafikiri, ndipo inawaka. Vidoti vya kijani vikaota pembeni. Umeme ilikuwa inakula kuliko friji na pasi kwa pamoja. Naomi, ambaye ni mwalimu na anapenda kitu kiende na wakati, akaanza kuimba wimbo wa televisheni mpya asubuhi na jioni. Mimi nikasema isubiri, bado inaonyesha. Nikaambiwa mama unapenda vitu vya kale. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda chenyewe kilikuja Jumamosi moja juu ya pikapu, kimefungwa kwenye boksi kubwa lenye picha ya maporomoko ya maji.

Inchi hamsini na tano. Nyembamba kama sinia. Pamoja nayo yalikuja mambo ya muziki wa sinema: spika tano na sabufa moja yenye kifua cha beberu. Goodluck alisaidiana na rafiki yake Alex, fundi wa madishi. Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza drili inavyotoboa ukuta. Spika mbili mbele, moja katikati, mbili nyuma, na ya nyuma kushoto wakaipigilia juu ya pazia, hasa hasa juu ya kichwa changu. Alex akasema hiyo ndiyo itakayoleta sauti ya uwanja. Plazma wakaiegemeza stoo, wakaifunika shuka. Naomi alipiga vigelegele, na mimi nikamjibu kutoka jikoni, kwa sababu mtu akifurahi kwake humharibii.

Kesho yake, Jumapili, ilikuwa mechi ya watani. Nikaoga, nikafunga kilemba cha kijani, nikakaa kwenye kiti changu. Naomi akafungua pazia shubiri moja.

Ukungu.

Nikafikicha macho. Nyasi zilikuwa na rangi ya majivu. Wachezaji walikuwa vivuli, jezi zote zimekuwa rangi ya maji ya kuoshea mchele, huwezi kujua nani wetu na nani wao. Juu ya kichwa changu spika inanguruma uwanja mzima. Nikamwona mtu mmoja anachomoka, anapiga, nyavu zinatikisika, na kwa kuwa alikuwa anatokea upande nilioamini ni wetu, nikaruka na goti langu bovu nikapiga kigelegele cha harusi.

Lilikuwa goli la Simba.

Naomi aliniambia baadaye kwamba Goodluck alibaki na mkono hewani. Akasema, "Televisheni, leo kuna mtu amehama timu?" Sikumsikia. Nami niliuliza, "Televisheni, nani amefunga?" mara mbili, mara tatu. Hakunisikia. Yale maspika yalikunywa sauti zetu zote mbili. Miaka tisa, na ile ilikuwa Jumapili ya kwanza sikupata hata neno moja kutoka sebuleni. Niliondoka kabla ya mapumziko, nikaenda kulala saa kumi na moja jioni kama kuku.

Jumatatu Goodluck akarudi Mikumi. Jioni nikakaa kwenye kochi na Naomi, taarifa ya habari ikaanza, na picha ilikuwa safi mno hata ningeweza kuhesabu shanga za msomaji. Nikasema, "Ee, leo naona."

Nilisema kwa furaha tu. Naomi hakufurahi. Aligeuka akanitazama vile anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kwa njia asiyoielewa.

"Mama, jana ulisema unaona ukungu."

"Ukungu mtupu."

"Na leo huoni ukungu."

"Sioni."

Jumatano akaomba ruhusa kazini, akanipeleka kwa daktari wa macho. Daktari ni kijana mpole. Aliniweka mbali na ubao wa herufi, nikausoma mpaka mstari wa chini, nikamuuliza kama hana mwingine mgumu zaidi. Akaniangaza na kitochi, akaandika, akasema, "Bibi, macho yako ni bora kuliko ya mwanao."

Mwenye akili angefurahi. Naomi akaanza kuhesabu siku kwa vidole pale pale kwenye benchi. Hamkulelewa kwetu, nyinyi, ngoja niwaeleze. Bibi zetu walikuwa na tishio moja kwa mama wakwe wadadisi: ukimtazama mkwe wako kwa siri, macho yako yatafifia kila awapo nyumbani, na yatarudi kila aondokapo. Tishio la kutuweka kwenye mstari, kama lile la mtoto anayekula mayai kwamba atakuwa mwizi. Sasa mjumlishe wenyewe: mama haoni Jumapili mkwe yupo, anaona Jumatatu mkwe hayupo, na hospitali haijaona ugonjwa. Kwa watu wetu, hospitali ikikosa ugonjwa, basi jambo ni la nyumbani. Mwanangu ana stashahada ya ualimu, anafundisha sayansi darasa la sita, na jioni ile alijifungia chumbani akampigia mjomba wake.

Nilimsikia. Kuta zetu ni za tofali moja. "Mjomba, sijui nisemeje. Nadhani mama amemchungulia."

Nilikaa kitandani na hasira zangu. Kumchungulia! Ningetaka kumchungulia ningemchungulia miaka kumi na tisa iliyopita, mkwe bado kijana na mimi bado nina goti. Ile shubiri ya pazia niliiheshimu kama madhabahu. Hata upepo ulipolipeperusha nilifumba macho. Na mtoto niliyemnyonyesha alimuuliza mtu wa mlimani kabla ya kuniuliza mimi niliye chumba cha pili.

Alhamisi, Naomi akiwa kazini, niliwasha televisheni, nikapunguza sauti. Nikasimama mbele yake. Rangi. Nikapiga hatua moja kuelekea koridoni, bado rangi. Hatua ya pili, ya tatu, rangi zikaanza kuaga. Nikakaa kwenye kiti changu: majivu. Nikarudi mbele: mtangazaji na tai yake nyekundu. Nilikwenda na kurudi mara saba, nikishika ukuta, mpaka goti likavimba. Kumbe chombo chenyewe hakitaki kutazamwa ubavuni. Kinampa picha aliye mbele yake tu, na wa pembeni kinamrushia makapi.

Ningeweza kumwambia Naomi jioni ile. Sikumwambia. Aliyekushtaki kwa simu hajibiwi chini chini sebuleni. Unamsubiri hakimu aje. Nikapaka goti dawa, nikasubiri Jumamosi.

Yeremia alishuka kwenye basi la Dumila saa saba mchana, amevaa lile koti lake la mazishi. Alinikuta nimekaa sebuleni. Goodluck, kwa heshima, alikuwa ametoka na kukaa barazani, chini ya dirisha, na kofia yake. Hawezi kuingia nami nipo. Hawezi kwenda mbali kwa sababu anayejadiliwa ni yeye.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Yeremia. Mlimani hawajambo?"

"Hawajambo. Dada, nimekuja kwa jambo zito."

"Najua. Nimelisikia kupitia ukuta."

Naomi aliinamisha kichwa. Yeremia akakohoa, akaanza kwa mbali, kama wanavyoanza wazee wa kanisa: uzee, upweke, majaribu ya ibilisi, udhaifu wa mwili. Akafika kwenye pazia. Akasema mtu anaweza kuteleza siku moja tu, jicho likapita, na hakuna wa kumlaumu, ila ni vizuri kukiri ili ukoo ujue cha kufanya.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada."

"Naomi, washa televisheni. Weka mpira." Siku hiyo kulikuwa na mechi nyingine saa tisa, na watangazaji walikuwa wameshaanza kupiga domo. "Yeremia, inuka. Nenda pale koridoni, ukae kwenye kiti changu."

"Kiti cha mama mkwe?"

"Wewe si mkwe wa mtu humu. Kaa."

Alikwenda. Nikasikia kiti kinalia chini yake. Nikalivuta pazia mwenyewe, nikaacha shubiri moja, nikapima kwa kiganja changu.

"Mwenye macho haambiwi tazama," nikasema. "Haya. Mtangazaji amevaa shati la rangi gani?"

Kiti kikalia tena.

"Yeremia."

"Naona kama... la kijivu."

"Naomi, wewe uliye mbele, shati ni la rangi gani?"

"La njano, mama," Naomi akasema kwa sauti ndogo.

"Na nyuma yake kuna nini, Yeremia?"

"Dada, hapa pana ukungu."

"Ukungu! Haya, nawe utuambie. Umemchungulia mkwe gani?"

Naomi alijiziba mdomo kwa mikono miwili lakini kicheko kikampitia puani. Kutoka barazani kikasikika kikohozi, na kikohozi kile nakijua kwa miaka tisa. Hakikuwa cha kifua. Nilicheka na mimi, nikacheka mpaka machozi, kisha nikagundua kwamba hasira bado ipo pale pale, haijaondoka na kicheko.

Yeremia si mtu wa kushindwa kwa muda mrefu. Alikaa kule kule koridoni, akajikusanya, akatoa hukumu kupitia pazia. Tumshukuru Mungu, dada hana kosa, kosa ni la chombo. Na dawa yake ni rahisi. Plazma ipo stoo. Ipelekwe chumbani kwa dada, atazame peke yake kwa raha zake, na hapo mila itakuwa salama kuliko mwanzo, maana hata pazia halitahitajika.

"Mama!" Naomi akasema, amefurahi kweli kweli. "Utakuwa na ya kwako!"

Na kutoka barazani Goodluck akasema, akimwambia mkewe kama inavyotakiwa, "Mwambie mama yako nitaihamisha leo leo. Na king'amuzi chake nitamletea." Nilijua anasema kwa moyo mweupe. Sauti yake tu ilikuwa imepoa, kama siku ile aliyoiambia televisheni kwamba hana la kusema.

Wote watatu walikuwa wamenipenda, na wote watatu walikuwa wananifungia chumbani. Niliona maisha yangu yaliyobaki: kitanda, plazma, mijusi, na Karibuni yangu peke yangu. Ningeshangilia na ukuta. Ningeuliza nani amefunga, na asiyekuwepo na lake halipo.

"Sitaki," nikasema.

"Dada?"

"Sitaki televisheni ya chumbani. Mimi si mgonjwa wa kutengwa. Sikukaa koridoni miaka tisa kwa ajili ya kuona picha, Yeremia. Nilikaa kwa sababu kule sebuleni kulikuwa na mtu wa kuzungumza naye."

"Mtu gani? Mila inasema..."

"Mila nimeishika mimi, wewe umeishikilia. Si kitu kimoja. Kila mwaka mtu huyu anauliza habari za mbuzi wake, kila mwaka una neno. Hebu niambie, aibu hii inayoondolewa kwa mbuzi ni ya nani? Ni yako?"

Sikumngoja ajibu.

"Ni yangu. Ni mimi nisiyepaswa kutazamwa, ni mimi ninayekimbia na kikombe cha chai moto kila Ijumaa. Basi kama ni yangu, naiweka chini mimi mwenyewe, leo, kabla mpira haujaanza."

"Wazee watasema nini?"

"Waje niwaambie."

Nilijikokota mpaka kwenye kochi kubwa lililo mbele ya kioo, nikakaa katikati. Mambo uliyofundishwa ukiwa mgongoni mwa mama yako hayatoki kwa maneno tu. Nikavuta pumzi, nikasema jina ambalo kinywa changu hakijawahi kulisema tangu siku ya posa.

"Goodluck! Ingia ndani. Mpira unaanza."

Barazani hakuna kilichosogea. Naomi alikuwa amesimama kama aliyemwagiwa maji. Televisheni inapiga kelele peke yake.

Kisha mlango ukafunguliwa, na mkwe wangu akaingia kinyumenyume. Kinyumenyume, wallahi, nikaapa kama majirani zangu Waislamu. Kofia ameishusha usoni, mgongo ametugeuzia, anapapasa ukuta kwa kiganja kama mtu anayetafuta swichi gizani. Alikwenda hivyo mpaka akafika kwenye kona ya kabati, akasimama. Siku ya harusi nilikuwa nimemwona kwa mbali, kijana mwembamba ndani ya suti ya kuazima. Mtu aliyesimama mbele yangu alikuwa na mabega mapana na kisogo chenye mvi. Mvi nyingi. Nilimwozesha binti yangu kwa kijana, na kijana amezeekea upande wa pili wa pazia bila mimi kujua.

"Goodluck, toka!" Yeremia alipaza sauti kutoka koridoni. "Toka, mwanangu, usifanye haraka. Ukigeuka leo, mbuzi wako sitampokea. Mimi wala atakayenirithi."

Mgongo ule haukugeuka. Nilielewa. Mimi nilikuwa nimeweka chini aibu yangu, lakini yeye angekuwa ameikosea heshima familia ya mkewe mbele ya mjomba mwenyewe, na alikuwa ameisubiri heshima hiyo miaka kumi na tisa. Sikumwambia geuka. Mtu hageuzwi. Nilisema tu, "Mbuzi wako nitampokea mimi. Na kama ni dume, tutamla na huyo mjomba wa mkeo akitaka."

Goodluck hakutoka. Alinyoosha mkono, akachukua rimoti juu ya kabati, na bado ametupa mgongo akazishusha zile spika, chini, chini zaidi, mpaka ule uwanja wote ukawa mnong'ono na ndani ya nyumba kukasikika saa ya ukutani. Akairudisha rimoti. Akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Akageuka.

Ana kovu dogo juu ya jicho la kulia. Ana macho mekundu ya vumbi la barabara. Aliinama, akapiga goti moja chini, mbele ya kochi, na sauti ile niliyoizoea kupitia kioo ikanijia mara ya kwanza bila kupita kokote.

"Shikamoo, mama."

Nikaitikia marahaba kwa nguvu zangu zote, ili Yeremia asije akasema hakusikia.